Tela gani salama kwa Boxer ya kubebea dagaa?

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ninafanya biashara ya dagaa. Nanunua Igombe, nauza Kirumba Mwaloni, na nina wateja wawili ninaowapelekea hadi mlangoni, mmoja Isamilo juu na mwingine Mabatini. Nina Boxer 150, anaiendesha mdogo wangu. Sasa hivi anafunga magunia mawili kwenye siti, la tatu anarudi kulifuata, na mafuta yanaishia njiani. Nataka kumtengenezea tela la kuvuta nyuma abebe yote kwa mpigo mmoja. Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza ataweka magurudumu ya toroli na kulifunga kwenye keria, bei yake ni nzuri. Wa pili analo tayari, lina magurudumu ya pikipiki na kiungo cha bola kama cha gari. Magunia matatu nimeyapima, ni kilo 110. Nichukue lipi?

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo zuri kuyapima hayo magunia kabla ya kuuliza, maana wengi wanaokuja gereji kwangu wananiambia "mzigo wa kawaida tu" na hapo siwezi kuwasaidia. Nikujibu moja kwa moja: usichukue lolote kati ya hayo mawili kama lilivyo. La wa pili linaweza kurekebishwa likafaa, la wa kwanza hapana. Lakini hata lile la wa pili likirekebishwa vizuri, halitabeba kilo 110 nyuma ya Boxer, na hilo ndilo ninalotaka ulielewe kwa hesabu, ili hata akija fundi wa tatu mwenye maneno matamu uwe na cha kumjibu.

Watu huuliza pikipiki itavuta kilo ngapi. Kuvuta si tabu. Boxer ikiwa gia ya kwanza kwenye tambarare itavuta mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Tabu iko kwenye kusimama. Pikipiki yako ina uzito wa karibu kilo 120 ikiwa na mafuta. Mdogo wako tuseme ni kilo 65. Hizo ni 185, na breki za hiyo pikipiki zimetengenezwa kwa ajili yake, yeye na abiria au mzigo kiasi juu ya siti. Sasa weka nyuma tela la chuma la kilo 45 lenye magunia yako matatu. Tela peke yake limefika kilo 155, limeshaizidi pikipiki inayolivuta. Jumla ya vyote ni kilo 340, na breki ni zilezile mbili, kwa sababu tela halina breki. Tena tela lina ubaya mmoja ambao gunia la kwenye siti halina. Gunia la kwenye siti linakandamiza tairi la nyuma, linalisaidia kushika barabara. Tela linalotembea kwa magurudumu yake halikandamizi tairi kwa kiasi hicho, linasukuma tu. Mteremkoni anayeamua mwendo anakuwa tela.

Na wewe umenitajia Isamilo na Mabatini. Mji wetu huu wa Mwanza umejengwa juu ya mawe, ukitoka barabara kubwa kidogo tu umeshaanza kupanda, na kila unapopanda na mzigo ipo siku utashuka nao, mteja akiwa hayupo au bei ikikataa. Igombe hadi Kirumba ni njia ya kawaida, siiogopi sana. Ninachokiogopa ni hivyo vilima viwili.

Kwa kipimo cha kuanzia mimi natumia sheria ya Uingereza, kwa sababu wenzetu kule wamezoea matela ya pikipiki na wameandika namba zilizo wazi. Wanasema pikipiki iwe na injini inayozidi cc 125. Tela pamoja na mzigo wake lisizidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, unachukua namba iliyo ndogo. Upana wake usizidi mita 1, na kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki hadi mwisho wa tela isizidi mita 2.5. Mtu haruhusiwi kupanda kwenye tela. Hiyo si sheria ya Tanzania, lakini uzito ni uzito, hauulizi uko nchi gani. Theluthi mbili za kilo 120 ni kilo 80. Humo ndani tela lenyewe limo.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Chukua skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2, mita moja ina kilo 2.3 hivi. Fremu ndogo yenye vikato vya katikati inakula mita 5, ni kilo 12. Mkono wa tela uwe skwea paipu ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3, huo mita moja ni zaidi ya kilo 4, na unahitaji mita moja na nusu. Weka ekseli, magurudumu mawili na beringi zake, shokapu, boksi la mbao. Ukimaliza una kilo 45, na fundi akiwa na mkono mzito zinafika 60. Toa 45 kwenye 80, umebaki na kilo 35 za dagaa. Gunia moja, na hata hilo moja lisiwe lumbesa.

Kwa hiyo kwa kilo 110 kila siku, ushauri wangu ni guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Linabeba mzigo juu ya chasisi yake lenyewe, breki za nyuma zinashika magurudumu yote mawili yaliyo chini ya mzigo, na lina gia ya kurudi nyuma, kitu ambacho pikipiki yenye tela haina kabisa. Kama uwezo wa kununua bado, ongea na kina mama wawili watatu mnaonunua mwalo mmoja, mchangie kukodi guta moja alfajiri, Boxer yako ibaki kwa ajili ya kupeleka gunia mojamoja kwa wateja wa vilimani. Najua si jibu ulilokuja kutafuta. Lakini mdogo wako ndiye atakayekaa mbele ya hizo kilo, na mimi nimeshamwokota kijana barabarani kwa ajili ya tela nililolichomelea kwa mikono yangu.

Nitakusimulia hilo kwa sababu linahusu keria, na fundi wako wa kwanza anataka kufunga kwenye keria. Miaka ile ndiyo kwanza naanza gereji, mteja alitaka tela la kubebea madumu ya maji. Nilichomelea kibao nyuma ya keria, nikatia pini moja nene, nikaona nimemaliza. Keria ya pikipiki imefungwa kwa bolti nne ndogo na kazi yake ni kubeba uzito unaokandamiza kwenda chini. Tela halikandamizi tu. Linavuta nyuma, linasukuma mbele, linapinda kushoto na kulia kila linapopita shimo, mara maelfu kwa siku. Wiki ya tatu, kijana anashuka mteremko na madumu sita, akafunga breki kwa ajili ya mtoto aliyekatiza. Bolti za nyuma za keria zikakatika, keria ikainuka, mkono wa tela ukaingia ubavuni mwa tairi la nyuma. Alivunjika mtulinga na kuchubuka mkono mzima. Nilipoikagua ile keria baadaye, palipokatika pana kutu nusu ya unene na chuma cheupe nusu nyingine. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, ulikuwa unakua taratibu, na hakuna aliyeutazama. Tangu hapo sijafunga tela kwenye keria ya mtu.

Sasa tuseme umenunua guta au umekodi, lakini bado unataka tela dogo la gunia moja kwa siku za haraka. Hilo linawezekana, na hapo tunaweza kuzungumza la kuchagua.

Anza na mahali pa kufungia. Kiungo kikae chini, karibu na usawa wa ekseli ya nyuma ya pikipiki. Kikiwa juu, kila unapoongeza mafuta tela linaivuta pikipiki kwa kichwa na tairi la mbele linakuwa jepesi, na kila unapofunga breki tela linaisukuma pikipiki kwa juu, mkia unataka kuinuka. Kishikio chake kishike fremu ya pikipiki sehemu nne: mbili za chini pale panapofungwa vyuma vya kukanyagia abiria, na mbili za juu pale shokapu za nyuma zinapoanzia. Bolti ziwe zile zenye namba 8.8 imegongwa kichwani. Zitazame kwa macho yako dukani, bolti isiyo na namba irudishe. Nati ziwe za kujifunga, zile zenye pete ya plastiki ndani, kwa sababu mtetemo wa barabara ya kutoka mwaloni unafungua nati ya kawaida ndani ya siku chache. Na kabla ya yote fungua kitabu cha pikipiki, kama bado unacho, uone mtengenezaji amesema nini kuhusu kuvuta tela. Akisema hapana, hata haya ninayokuandikia usiyafuate.

Kiungo chenyewe ndicho kilichonifanya nikatae tela la fundi wa pili kama lilivyo. Bola ya gari inafanya kazi nyuma ya gari kwa sababu gari halilali. Pikipiki inalala kila kona. Tela la magurudumu mawili halilali, linabaki limesimama wima. Kwa hiyo hapo katikati panatakiwa pazunguke kwa njia tatu: kushoto na kulia kwa ajili ya kona, juu na chini kwa ajili ya matuta, na kujizungusha kama bisibisi kwa ajili ya pikipiki kulala. Bola inatoa njia mbili za kwanza vizuri, ya tatu inatoa kidogo tu kisha kikombe chake kinagota. Kikigota kwenye kona, tela linaanza kuinyoosha pikipiki wakati dereva anataka ilale. Mwambie fundi wa pili aongeze kitovu cha kuzunguka kwenye mkono wa tela, nyuma tu ya bola: bomba ndani ya bomba, na beringi au bushi ya shaba ndani, na nati mbili nyuma zisizoruhusu kuchomoka. Anayejua kazi atakuelewa mara moja.

Kumpima ni rahisi. Nenda naye kwenye mchanga, tela likiwa tupu na limefungwa. Watu wawili walaze Boxer taratibu kulia mpaka usukani uguse chini, halafu kushoto. Tela libaki limesimama kwa magurudumu yake yote mawili na kiungo kisilie. Gurudumu moja la tela likinyanyuka, au ukasikia chuma kinagota, kazi haijaisha na hela usimalizie. Jaribio hilo nalipenda kwa sababu halihitaji kifaa chochote wala elimu, na fundi hawezi kubishana nalo.

Chini ya mkono wa tela ipite minyororo miwili, imepishana kama herufi X, mmoja umefungwa kulia na mwingine kushoto, kwenye fremu na si kwenye kishikio kilekile cha bola. Urefu wake utoshe kukata kona tu. Kiungo kikichomoka, mkono wa tela uangukie juu ya minyororo, usifike kwenye lami. Mkono ukichoma ardhi, tela linapinduka mbele na kumrukia dereva mgongoni.

Magurudumu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa Mwanza wanapodanganyika sana. Tairi la toroli na tairi la bajaji yote yanaandikwa 4.00-8. Ukiyaweka chini pamoja, ukubwa ni uleule, na muuzaji asiyejali atakuambia ni kitu kimoja. Chukua tochi usome ubavuni. La bajaji lina namba za uzito na herufi ya mwendo, na idadi ya nyuzi, 6PR au zaidi. La toroli mara nyingi ni 2PR na halina herufi ya mwendo, kwa sababu limetengenezwa kusukumwa na mtu anayetembea kwa miguu. Halafu toroli nyingi hazina beringi, zina bomba tu linalozunguka juu ya chuma na grisi kidogo. Gurudumu la ukubwa huo pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika. Litakula bomba lake kabla hujafika Pasiansi.

Magurudumu ya pikipiki yana faida ya ukubwa. Tairi la 3.00-17 lina kimo cha karibu sentimita 58, la bajaji ni kama 41, na kimo kikiwa kikubwa gurudumu linapita juu ya shimo badala ya kutumbukia. Uzito pia linaubeba: namba 50 iliyoandikwa ubavuni baada ya ukubwa ni kilo 190 kwa tairi moja. Ila rimu yake ya spoku imetengenezwa kwa chombo kinacholala kwenye kona, nguvu zote zinapita katikati ya gurudumu. Kwenye tela lisilolala, kona inasukuma gurudumu kwa ubavu, na spoku haziwezi ubavu. Zitaanza kukatika moja moja, na utaona zimekatika upande mmoja tu. Kwa kilo 80 kwa jumla na mwendo wa polepole zitavumilia ukizikagua kila wiki, na bora zaidi rimu za kumwaga zisizo na spoku. Mimi nikitengeneza langu naweka ya bajaji, rimu yake ni bamba la chuma na chombo chenyewe kina magurudumu matatu, kwa hiyo ubavu limeuzoea. Nakubali kwamba shimo litarusha tela zaidi. Napunguza mwendo.

Shokapu weka, tena zile za nyuma za pikipiki zinatosha, lakini zizungushe ile pete ya chini mpaka hatua laini kuliko zote. Zimetengenezwa kwa uzito mkubwa kuliko tela la kilo 80, ukizikaza tela tupu litarukaruka kama halina kitu.

Upana usizidi sana usukani wa Boxer. Dereva wa pikipiki anapima uchochoro kwa usukani wake. Usukani ukipita, akili yake imeshapita. Tela la mita moja linazidi kila upande kwa sentimita kumi hivi, na pale Mwaloni, kati ya mikokoteni na kina mama wenye beseni, sentimita kumi ni mguu wa mtu. Mimi napendelea sentimita 85. Kisha mkono uwe mrefu: kutoka kiungo hadi ekseli ya tela iwe zaidi ya upana kati ya magurudumu, sentimita 130 ni nzuri. Mkono mfupi unafanya tela liwe na wenge, linacheza mkia kwa kosa dogo la dereva.

Kama njia yako ingekuwa ya vichochoro tu, ningekutajia tela la gurudumu moja, linalolala pamoja na pikipiki na kupita alama ileile ya tairi. Lakini hilo linategemea miguu ya dereva likisimama, na uzito wake mwingi unakaa kwenye pikipiki. Kwa gunia refu la dagaa sikushauri.

Kupakia sasa. Mzigo ukae chini na mbele kidogo ya ekseli, ili mkono wa tela ukandamize kiungo kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa kilo 80 ni kilo 8 hadi 12. Usikisie. Mwaloni hakukosi mizani ile ya kuning'iniza, ya kupimia sangara. Tela likiwa limepakiwa na kusimama sawasawa, ning'iniza mkono wake kwenye ndoano ya mizani, kimo kilekile cha kiungo, usome. Ikiwa kilo 3, mzigo umekaa nyuma mno, na tela litaanza kuyumba kulia na kushoto kadiri mwendo unavyoongezeka. Ikiwa kilo 25, usukani wa mbele utakuwa mwepesi na Boxer haitataka kukata kona. Sogeza gunia kwa kiganja kimoja, upime tena. Ukipata mahali pake, paka alama ya rangi kwenye ubao wa boksi, mdogo wako apakie hapo kila siku.

Tela likianza kuyumba, dereva wengi hufunga breki kwa nguvu au huongeza mafuta kulikimbia. Yote mawili yanazidisha. Aachie mafuta taratibu, ashike usukani umenyooka, aache mwendo ushuke wenyewe. Mwendo wa lami usizidi 40, vumbini 25. Kutoka 40 kwenda 60 anaona ameongeza kidogo, lakini nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza imeongezeka zaidi ya mara mbili. Na kushuka Isamilo ni gia ya pili tangu juu, injini ikishikilia. Najua vijana wanazima injini mteremkoni kuokoa mafuta, au wanaweka frii. Akiwa na tela, mwambie neno hili ukiwa naye uso kwa uso: akiweka frii, breki za ngoma zitapata moto katikati ya mteremko na zitaanza kuteleza.

Siku ukibeba samaki wabichi kwenye deli, kumbuka barafu inayeyuka. Maji yanayocheza ndani ya deli yanakimbilia mbele ukifunga breki na ubavuni ukikata kona, yaani mzigo unahama wenyewe. Toboa, maji yatoke njiani. Na sakafu ya tela itobolewe pembeni, maji ya samaki yakituama juu ya weldingi yanakula haraka kuliko mvua.

Kuhusu weldingi, mkatalie fundi anayeipiga grenda mpaka ilingane kisha anaipaka fila ipendeze. Mshono wa mkono wa tela uonekane kama ulivyochomwa, rangi tu juu. Kila Jumapili pitisha kitambaa chenye maji kwenye kila mshono. Ukiona mstari mwembamba mwekundu wa kutu unaotokeza katikati ya rangi nzima, huo ni ufa unaojitangaza. Tela lisitoke siku hiyo.

Wewe unasafiri alfajiri, kwa hiyo taa si pambo. Tela litaficha taa za nyuma za Boxer, kwa hiyo nyuma ya tela weka taa ya nyuma, ya breki, indiketa mbili, namba ya tela lenyewe likishasajiliwa, na viakisi viwili vyekundu pembeni kabisa. Tumia taa za LED, betri ya Boxer ni ndogo. Waya ipite ndani ya mpira, na iwe na kiungio kinachochomoka tela likichomoka. Ubavuni bandika utepe mweupe na mwekundu unaong'aa, maana dereva wa gari anayetokea barabara ya pembeni ataiona pikipiki ikipita na kudhani njia ni nyeupe.

Kabla hujanunua chuma, nenda ofisi ya TRA na kwa askari wa usalama barabarani, uulize usajili wa tela la pikipiki, kwa sababu tela linalotembea barabarani kwetu linasajiliwa lenyewe, halitumii kadi ya pikipiki. Muulize na wakala wa bima, jibu akupe kwa maandishi. Wakikukatalia hapo, umeokoa hela ya fundi.

Ukishaamua, siku ya kwanza mdogo wako atoke na tela tupu, aende Kirumba na kurudi. Akirudi ashike vitovu vya magurudumu kwa kiganja. Kikiwa vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kushika, beringi imekazwa mno au haina grisi, na bado gunia halijapanda. Siku ya pili aweke nusu gunia, na mimi nipo gereji Igoma siku zote isipokuwa Jumapili, lileteni nilitazame kabla ya gunia zima.